Kalibu ya Mkanda wa Msiba

Kwa miaka mitatu niliunganisha mikanda ya harusi na misiba katika chumba kimoja pale Mazwi, Sumbawanga, kilichobanwa kati ya fundi baiskeli na duka la mbegu. Ukiegemea ukuta wa kushoto ulisikia spoku zikikazwa. Ukiegemea wa kulia ulisikia harufu ya dawa ya kuhifadhia mahindi. Nimeishi miji mingi tangu hapo na sijakaa tena mahali pamoja kwa muda mrefu kama nilivyokaa pale.

Ilikuwa miaka ambayo vitu vya nje vilikuwa vimefunguliwa njia, na hata sisi wa huku mwisho wa barabara vilitufikia, vikiwa vimekwisha kutumiwa na watu wengine. Kompyuta yetu ilikuja na karatasi iliyobanduliwa nusu, ina maandishi ya lugha ambayo hatukuijua. Mwenye studio aliinunua kwa fedha za matofali. Alikuwa mfyatua matofali kabla ya kuwa mpiga picha, na maneno ya kazi ile ya kwanza hayakumtoka mdomoni. Picha ambazo hazijaunganishwa aliziita matofali mabichi. Kompyuta ilipokuwa inasaga kazi usiku kucha ili asubuhi tutoe diski, alisema tanuri limewashwa. Nami nilimwita kaka, ingawa hatukuwa na undugu wowote isipokuwa ule wa kushinda pamoja kutwa nzima.

Mimi nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na mikono isiyotulia. Programu ya kutengeneza maandishi yanayotembea na picha zinazoelea nilijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza kila kitu mpaka nione kimefanya nini. Ndiyo iliyonifanya nijulikane. Studio nyingine mjini zilianza mkanda kwa jina lililosimama tu juu ya maua. Mimi niliweza kufanya jina litoke kwenye ukungu kama linavyotoka gari asubuhi ya mwezi wa sita, taa kwanza, halafu bodi.

Mwezi wa saba wa mwaka wa pili kaka alinunua kamera mpya, akaniambia niende nayo nyumbani Jumapili nikaijaribu. Nyumbani ni kijiji cha hukohuko juu Ufipa, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kama upepo haukupingi. Nilimkuta mama uani anapeta ulezi. Jua lilikuwa nyuma yake, na kila alipourusha, makapi yaliruka yakawaka. Niliiwasha kamera nikaanza na mikono, kwa sababu mtu ukimwanzia usoni anajikaza. Mikono ile, na kidole kidogo cha kulia ambacho hakikunyooka tangu alipobanwa na kinu akiwa msichana. Ungo ukapanda, ukashuka. Kisha akainua kichwa, akaniona, akacheka kidogo, akasema:

“Wewe, weka hicho kidude chini ushike kopo. Upepo ukiondoka hapa tutapeta mpaka kesho.”

Nilizima, nikashika kopo. Picha nzima haikufika dakika moja.

Mwezi wa kumi mama alifariki, kabla mvua hazijaanza, kwa homa iliyochukua siku nne. Kumpiga picha mwenyewe msibani nilishindwa, kaka alikuja akapiga. Lakini kuunganisha nilikataa mtu mwingine asiguse. Nilitengeneza mwanzo ambao sijawahi kutengeneza mfano wake tena. Skrini nyeusi, halafu mikono inapeta, makapi yanaruka polepole, na yale makapi yanapotua yanajikusanya kuwa herufi, moja moja, mpaka jina lake linakamilika. Kisha picha yake ya kitambulisho, kisha mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki. Sekunde kumi na mbili za mikono. Mwishoni kabisa mwa mkanda nikaweka ile sehemu anayoinua kichwa na kusema.

Baba mdogo, ndugu wa baba yangu aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo, alikuja studio kuukagua kabla haujapelekwa kijijini. Aliutazama mpaka mwisho. Mama alipofungua mdomo, baba mdogo akaweka kofia yake usoni.

“Toa hiyo,” alisema.

“Baba, ni kumbukumbu tu.”

“Nimeelewa. Toa. Mtu hawezi kuzikwa, kaburi limefukiwa, wanawake wamelia, halafu anainuka anawaambia watu washike kopo. Utawatia wazimu dada zako.”

Niliona ana haki. Niliitoa. Nilijiambia itabaki kwenye kaseti, na siku machozi yakikauka tutaitazama sisi wenyewe ndani.

Hapa lazima nieleze desturi ya studio yetu, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nayo. Kaseti za kamera zilikuwa ghali na chache, tukarekodi juu ya kaseti ileile mara nyingi. Kaseti yenye msiba, au yenye picha za mtu aliyefariki, tuliifunga utepe mweusi. Yenye utepe haiguswi. Arobaini ikipita, yule aliyeufunga anaufungua, na kaseti inarudi kwenye droo ya kazi. Hakuna aliyeiandika sheria hii. Kaka aliianza baada ya kurekodi ubatizo juu ya msiba wa watu waliokuwa bado wana matanga, wakamjia dukani wakiwa saba. Nami kaseti ya mama nilikuwa nimeifunga utepe.

Mkanda ulipofika kijijini, habari ilitembea. Watu walianza kuja Mazwi kutoka hata bondeni, wanakaa kwenye benchi letu wamevaa nguo za msiba, wanasema, “Na sisi tunaomba ule wa ulezi.” Mara ya nne kaka alivuta kiti akakaa karibu yangu.

“Mdogo wangu, tofali la kwanza unaweza kulifinyanga kwa mkono. Ukishaagizwa tanuri zima unatafuta kalibu.”

“Ule ni wa mama, kaka.”

“Najua. Mama yako atabaki na wake. Mimi nataka kalibu. Tuweke jina la mtu, picha ya mtu, tarehe za mtu, basi. Hawa watu wana maiti ndani, wewe unakaa wiki nzima unapanga herufi. Unawatendea haki?”

Nilikuwa nimeona mwanamume mzima analala kwenye benchi lile akisubiri.

Kuigeuza kazi ya mtu mmoja iwe kalibu ya watu wote ni kazi ya kuondoa. Faili langu lilikuwa na matabaka kumi na tisa, moja juu ya lingine, na kila moja nilikuwa nimelipa jina la nyumbani: mama, jina la mama, jua, makapi, upepo. Niliyapitia moja moja nikijiuliza, hili ni la mtu au la kalibu? Picha yake nikaitoa, nikaweka mraba wa kijivu ulioandikwa PICHA HAPA. Jina lake nikalifuta, nikaandika JINA HAPA. Tarehe vilevile. Nikaona jina fupi linapendeza lakini jina refu linatoka nje ya kioo, kwa hiyo nikafunga kamba ya namna yake, herufi zikizidi zinajipunguza zenyewe. Nikatenga mahali pa orodha ya wafiwa, ipande kutoka chini kwenda juu. Rangi zote nikazikusanya kwenye swichi moja, anayetaka zambarau ya kanisa aipate bila kunitafuta. Mambo ambayo mtu hapaswi kuyagusa nikayafungia ndani ya tabaka moja.

Ikabaki mikono.

“Hii nayo nitoe?” nilimuuliza kaka.

“Bila mikono hakuna makapi. Bila makapi hakuna herufi. Na mikono haina jina, mdogo wangu. Nani Ufipa hana mama aliyepeta ulezi?”

Kusema kweli nilifurahi. Niliona kama vile mama amepata kazi mjini.

Kaka hakusubiri. Alinakili kalibu siku hiyohiyo pamoja na folda lake lote, akaipeleka kwa mpiga picha mmoja rafiki yake kule Mtowisa, maana watu wa bondeni walichoka kupanda mlima wakiwa na msiba. Kesho yake nikaanza kupunguza uzito. Kompyuta ilikuwa inajaa, na Jumamosi kulikuwa na harusi mbili. Picha ndefu ya mama ilikula nafasi, wakati kalibu ilihitaji sekunde kumi na mbili tu. Nilizikata zile sekunde, nikazihifadhi kama faili dogo, nikaliunganisha faili dogo kwenye kalibu, nikajaribu mara tatu. Ilikwenda vizuri. Nikafuta lile refu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kaseti ilikuwa ndani ya droo.

Isipokuwa wiki moja kabla tulikuwa tumefanya arobaini. Tulinyoa, tulifua, dada zangu walivua vitambaa vyeusi. Baba mdogo alisimama uani akasema kila mtu arudi kazini kwake na alichofungia msiba akifungue. Nilirudi Mazwi Jumatatu, nikafungua droo, nikaufungua utepe mweusi kwenye kaseti ya mama. Niliufungua kwa heshima, kama walivyovua wale wengine vitambaa. Nikaukunja nikautia mfukoni. Haikunijia kabisa kwamba kwa lugha ya chumba kile nilikuwa nimesema, chukueni.

Kabla ya Krismasi dada yangu mkubwa alikuja mjini. “Ile sehemu aliyoikataza baba mdogo,” aliniambia, “sasa naweza kuiona. Nionyeshe.” Nikatia kaseti kwenye kamera. Bibi harusi alikuwa analishwa keki. Nikapeleka mbele. Keki. Nikarudisha nyuma. Bendi ya matarumbeta inaingia ukumbini. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, akaona nyuso zetu, akaja taratibu akakaa chini, sakafuni.

“Haikuwa na utepe,” alisema.

“Haikuwa nao,” nilijibu.

Dada alimtazama yule bibi harusi mpaka keki ikaisha, akachukua mkoba wake akaenda kusubiri gari. Hakunilaumu siku hiyo wala baadaye. Ningependa angenilaumu.

Baada ya hapo niliendelea miezi michache. Kila siku kalibu ilifunguka, na kila siku mikono ilipeta chini ya jina la mtu mwingine. Wateja walilia. Mimi niliangalia kidole kidogo kisichonyooka na kusikia kwamba sauti iliyokuwa inafuata baada ya hapo imekatwa, na niliyeikata ni mimi. Nikaondoka. Nimefanya kazi Mpanda, Tunduma, Kigoma, tena Tunduma, tena mbali zaidi. Nimeuza simu, nimeendesha mtambo wa kukoboa, nimechora mabango. Watu hunihesabu kuwa mtu asiyejua kutulia, nami sijawakatalia. Lakini kalibu ilitembea kuliko mimi. Kaka aliigawa, waliopewa wakaigawa. Nimekaa kwenye saluni Tunduma nikanyolewa nusu kichwa, kwenye televisheni ikaanza mikono ya mama. Jina lilikuwa la mzee mmoja dereva. Kinyozi alisema, “Tulia, mshikaji, utakatwa sikio.”

Kilichonitesa zaidi kilikuwa kingine. Nilikuwa nayasema maneno ya mama kichwani, kuhusu kopo na upepo, na kila mwaka sikuwa na uhakika kama ni yeye aliyasema hivyo au ni mimi ninayeyapanga. Alisema “hicho kidude” au “hilo dude”? Nilikuwa mhariri, najua jinsi mkono unavyosawazisha kitu bila kuomba ruhusa. Sikuwa na pa kulinganisha.

Mwaka jana kaka alinipigia simu. Studio alikwisha kuifunga, watu wanapigana picha kwa simu zao, naye amerudia matofali. Tuliongea mambo ya mvua. Halafu akasema, kama mtu anayekumbuka alipoacha koleo:

“Unajua ile kalibu ya kwanza niliyoipeleka Mtowisa, niliichukua kabla hujaipunguza?”

Sikulala. Siku ya tatu nilikuwa Sumbawanga, siku ya nne kwenye lori lililokuwa linashuka bondeni kupakia mpunga. Ukitoka Ufipa umevaa sweta, ukifika chini umelibeba mkononi. Mpiga picha wa Mtowisa sasa alikuwa anauza vocha na chumvi ya ng’ombe. Kompyuta yake, alisema, iliuawa na vumbi miaka mingi iliyopita, bodi akampa fundi, boksi kuku wanatagia. Alinionyesha. Kuku alikuwamo kweli.

“Lakini subiri,” alisema. “Kuna msiba mmoja nilioufanya kwa kalibu ile ukaniletea kesi. Wasukuma wa kule Ilemba, wenye ng’ombe. Marehemu alikuwa bibi kizee, ameacha watoto kumi na mmoja, wajukuu usiseme, na walitaka wote waandikwe. Orodha ikawa ndefu, ikapita ile mikono, nyuma ikabaki nyeusi. Nikaishika ile picha ya mikono nikaivuta mwisho wake, iendelee kuonekana mpaka orodha iishe. Baadaye wakaja hapa wananiuliza, yule mwanamke ni nani?”

“Ukawajibu nini?”

“Niliwaambia ni kompyuta.”

Pikipiki ilinifikisha Ilemba kwa Wasukuma wale saa tisa mchana. Mzee wa nyumba alikuwa kwenye kiti cha kamba, mkewe ameketi mkekani anabangua karanga. Nilitoa shikamoo, nikapewa maji, nikaulizwa habari za huko juu, baridi yake, barabara yake. Nikaeleza kilichonileta. Mzee aliniacha nimalize yote, mpaka utepe mweusi, bila kunikatisha.

“Kumbe,” alisema. Akamgeukia mkewe. “Bibi wa Ungo ana mtoto.”

“Mnamwita hivyo?” niliuliza.

“Wajukuu ndio waliompa hilo jina,” alisema yule mama. “Kila mwaka tukimkumbuka mama mkwe wangu tunauweka huo mkanda, na yeye anatokea. Mwaka wa kwanza tuliogopa. Mwaka wa pili tukasema labda ni mtu wa ukoo ambaye mpiga picha anamjua na sisi hatumjui. Sasa asipotokea tutaona mkanda haujakamilika.”

“Amekaa humu ndani miaka yote hiyo,” alisema mzee, “na hatujui hata anaitwa nani. Si adabu. Mama yako anaitwa nani?”

Nikamtajia jina lake. Akalirudia polepole, mara mbili, kwa lafudhi yake, nalo likakaa vizuri.

Diski ilikuwa ndani ya mfuko wa sukari, imeviringishwa kwenye kanga. Umeme wa jua uliwasha televisheni. Ikaja skrini nyeusi, ikaja mikono. Makapi yakatua yakawa jina la mama wa mzee yule, likipungua lenyewe kwa sababu lilikuwa refu, kama nilivyoliwekea kamba. Kisha wafiwa wakaanza kupanda, watoto, wakwe, wajukuu wa tumbo hili na wa tumbo lile. Sekunde ya kumi na mbili ikapita. Mikono haikukatika. Ungo ukashuka, ukatulia mapajani, na mama akainua kichwa.

Nilikuwa nimesahau jino la pembeni. Nilikuwa nimesahau kwamba alijifuta paji la uso kwa nyuma ya mkono kwanza. Kwaya ilikuwa inaimba juu yake, sauti ya kamera haikuwamo hata chembe, mpiga picha alikuwa ameifuta. Mdomo ulitembea kati ya majina ya wajukuu.

“Anasema nini pale?” aliuliza mama wa nyumba. “Watoto hawa wanadai anasema, njooni mle. Mzee anasema anaomba maji.”

“Rudisha,” nilisema, na walipoirudisha nikaanza kusema pamoja naye, kwa sauti. “Wewe, weka hicho kidude chini ushike kopo. Upepo ukiondoka hapa tutapeta mpaka kesho.”

Maneno yalikaa mdomoni mwake. Yalikuwa “hicho kidude.” Miaka yote ile sikuwa nimebadilisha kitu. Mzee alicheka kidogo, akasema, “Mfipa na upepo wake.”

“Lakini wewe umemaliza,” alisema mkewe. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya karanga. “Yeye bado. Tazama mdomo.”

Wakairudisha mara ya tatu. Nilisema maneno yangu hadi pale pa “mpaka kesho,” nikafunga mdomo, na mama akaendelea. Neno moja tu, la mwisho, wakati picha inaanza kutetemeka kwa sababu nilikuwa tayari naishusha kamera. Neno ambalo sikulihifadhi. Nililitazama likifunguka na kufungika. Lilikuwa jina aliloniita nikiwa mdogo, la Kifipa, ambalo hata dada zangu hawakulitumia, na tangu azikwe hapajatokea mtu wa kulitamka.

“Anasema nini?” mama wa nyumba aliuliza tena.

“Ananiita,” nilisema.

Alinitazama, akaitazama televisheni, ambako majina ya wajukuu wake yalikuwa bado yanapanda.

“Sasa, mwanangu,” alisema, “mbona huitiki?”

Nikaitika.